Jiko la pipa kwa siku za mapumziko: tathmini ya jiko la kuchomea lililotengenezwa Ngamiani, Tanga

Kila anayeliona jiko letu la pipa uani huuliza kwanza bei yake, na mimi humjibu kwamba tulilipa shilingi 130,000 baada ya kupatana, kisha humwomba asahau bei kwa muda na autazame wavu. Ubora wa jiko hili umo katika upana wake. Jiko la kawaida la mkaa huchoma samaki mmoja au wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku ambayo ndugu wamekusanyika, anayechoma hubaki motoni tangu Alasiri hadi Magharibi huku wengine wakila kwa zamu, na yeye hula mwisho, akiwa amechoka na chakula kimepoa. Wavu wa jiko hili una urefu wa takriban sentimita 88 na upana wa sentimita 57, yaani vipimo vya pipa la lita 200 lililopasuliwa katikati kwa urefu, na changu saba wenye ukubwa wa sahani hukaa juu yake bila kubanana. Watu kumi wanapata chakula chao kwa mkupuo mmoja, mchomaji akiwa miongoni mwao.

Jiko lilitengenezwa katika karakana moja ya wachomeleaji huko Ngamiani. Nusu moja ya pipa ni mwili wa jiko, nusu ya pili ni kifuniko kilichofungwa kwa bawaba mbili, miguu minne ni ya chuma cha pembe, na wavu umeundwa kwa nondo nyembamba za milimita 8 zilizopangwa kwa nafasi isiyozidi upana wa kidole. Chini ya wavu huo kuna wavu mwingine wa kuwekea mkaa, ulioinuliwa kidogo kutoka sakafu ya pipa ili majivu yaanguke na hewa ipite. Kuna matundu ya hewa ubavuni, sita kila upande, na matundu mengine machache kwenye kifuniko. Kazi ya kuchomelea ni safi, viungo havina mikwaruzo ya kukata mikono, na jiko likisimamishwa kwenye ardhi iliyo sawa halitikisiki hata mtoto akiligusa kwa bega.

Anayetaka kuagiza jiko kama hili ajue mambo ambayo fundi hatamwambia asipoulizwa. La kwanza ni historia ya pipa lenyewe. Mapipa yanayouzwa mitaani yamewahi kubeba vitu vingi, kuanzia mafuta ya kula na molasi hadi vilainishi vya mitambo, dawa za mashambani na kemikali za viwandani. Pipa lililobeba dawa au kemikali halifai kabisa kupikia, hata likioshwa mara ngapi, na mnunuzi ana haki ya kulikagua kabla halijakatwa, kusoma maandishi yaliyobaki ubavuni na kulinusa ndani. Sisi tulichagua pipa lililokuwa na mafuta ya kula, na lebo yake bado ilikuwa inasomeka. Fundi alilijaza maji kabla ya kulikata, na hilo lilinipa imani naye, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ya pipa la mafuta unaweza kulipuka cheche zinapoufikia, na fundi anayepuuza hatua hiyo anahatarisha maisha yake na ya wapita njia.

La pili ni rangi. Majiko mengi ya pipa yanayopangwa kando ya barabara hupakwa rangi nyeusi inayong'aa ili yavutie, ndani na nje. Rangi ya ndani huungua na kutoa moshi mchungu unaokaa kwenye nyama, na si moshi wa kumlisha mtoto. Tuliomba jiko lisipakwe rangi ndani, na hata hivyo tuliliwasha tupu, bila chakula, kwa moto mkali wa kuni hadi mabaki yote ya rangi ya awali ya pipa yakaungua na kubanduka. Baada ya hapo tulilisugua kwa brashi ya waya, tukaupaka wavu mafuta ya nazi na kuuacha juu ya moto mdogo hadi ukawa mweusi wa kudumu. Tangu hapo nondo hazishiki kutu kwa urahisi, na ngozi ya samaki haigandi ovyo.

La tatu ni wavu. Baadhi ya mafundi, kwa kutaka kupunguza gharama, hutumia waya uliopakwa zinki, wa aina ile ya banda la kuku. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaodhuru mapafu na unaoweza kumwacha mtu na homa na kifua kinachobana. Tofauti ya bei kati ya waya huo na nondo ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari hiyo, na mimi nisingekubali jiko lenye waya wa zinki hata nikipewa bure.

Sasa niseme jinsi linavyofanya kazi, maana hapo ndipo jiko hili linapostahili sifa. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hapa Tanga hufikia nyuzi 32 na zaidi, na hakuna anayetamani kukaa karibu na moto saa saba mchana. Sisi huwasha mkaa baada ya swala ya Alasiri, jua likiwa limeegemea na kivuli cha mwembe kimefika ukutani. Mkaa huchukua takriban nusu saa kuwa tayari. Dalili yake ni kwamba kila kipande kimevaa majivu ya kijivu na ndimi za moto zimetulia. Kwa kuwa mwili wa pipa ni mrefu, hatutandazi mkaa wote sawasawa: upande mmoja huwa na mkaa mwingi, katikati kiasi, na upande wa mwisho karibu mtupu. Mpangilio huo ni faida kubwa ambayo jiko dogo haliwezi kuitoa, kwa sababu mishikaki huwekwa kwenye moto mkali, samaki katikati, na kilichoiva husogezwa pembeni kibaki na joto bila kuungua hadi wote wawe tayari kuketi.

Kuwashia tunatumia vifuu vya nazi, ambavyo katika nyumba ya Tanga havikosekani. Kifuu kikavu hushika moto haraka na kuwaka kwa nguvu, hivyo vifuu vichache vilivyovunjwa chini ya mkaa huondoa haja ya mafuta ya taa, ambayo harufu yake huharibu chakula. Mkaa uliotengenezwa kwa vifuu ni bora zaidi kwa jiko hili, kwa kuwa hutoa joto kali, hudumu muda mrefu na hauna moshi mwingi, na ninamshauri anayeupata kwa bei ya haki aununue.

Kipimo cha kweli cha jiko la kuchomea hapa pwani ni samaki wa kupaka, na kwa hilo sina malalamiko hata moja. Samaki hununuliwa asubuhi Deep Sea, mwalo wa samaki hapa Tanga, wakati mashua zimeshafika. Tasi na changu ndio wanaokubali zaidi wavu wa aina hii, kolekole naye ni mzuri akichanwa mgongo na kufunguliwa. Huoshwa, hupasuliwa mbavuni mistari mitatu, hupakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, kisha huachwa si zaidi ya nusu saa, kwa sababu ndimu ikikaa sana hulainisha minofu hadi ikavunjikavunjika motoni. Wakati huohuo tui la kwanza, lile zito, huchemshwa polepole na viungo, bizari na ukwaju kidogo, likikorogwa mfululizo lisikatike, hadi lishikamane na mgongo wa kijiko. Samaki huchomwa kwanza bila tui, upande mmoja hadi ngozi ijiachie yenyewe kutoka kwenye nondo, kisha hugeuzwa. Anayemgeuza kabla ya hapo ataacha nusu ya ngozi kwenye wavu. Baada ya pande zote mbili kukaza ndipo tui linapopakwa, na hapa upana wa jiko unaonekana tena: samaki wote saba hupakwa kwa mfululizo, yule wa kwanza akiwa amekauka juu wakati wa saba anapomalizika, kisha hurudiwa tabaka la pili na la tatu. Katika jiko dogo kazi hiyo huvurugika, kwa kuwa tui hudondoka kwenye mkaa uliosongamana chini ya samaki mmoja, moto hufifia, moshi hupanda, na mchomaji hulazimika kupepea huku akipaka. Kwenye pipa, samaki husogezwa upande wenye mkaa haba kabla ya kupakwa, tui linakaukia juu ya minofu, na kingo zinapata ule weusi mwembamba ambao kila mlaji huutafuta.

Kifuniko kina kazi yake, ingawa wengi hukiona kama pambo. Kuku aliyekatwa nusu mbili huiva hadi kwenye mfupa ikiwa jiko litafunikwa kwa sehemu kubwa ya muda, kwa sababu joto humzunguka badala ya kumpiga chini tu. Pweza tunamchemsha kwanza hadi alainike, kisha wavu humpa rangi na harufu kwa dakika chache tu. Muhogo mbichi huchomwa mzima pembeni, taratibu, na huliwa kwa chumvi, pilipili na ndimu. Mahindi hayahitaji maelezo.

Nataka kueleza kwa uwazi zaidi kile ambacho jiko hili limefanya katika familia yetu, kwa sababu hicho ndicho kinachonifanya nilisifu kwa moyo wote. Zamani mapumziko ya mwisho wa wiki yalikuwa mapumziko ya baadhi yetu tu. Mama mkwe, wake wa kaka zangu na wasichana wakubwa walikuwa jikoni kwenye joto na moshi, watoto wakikimbizwa wasije wakamwagikiwa mafuta ya moto, na wanaume wakiwa barazani wakingoja kuitwa. Jiko lilipohamia uani, kazi yote ilihamia uani pamoja nalo. Bibi huketi kwenye mbuzi akikuna nazi chini ya mwembe, huku akiwaelekeza wajukuu namna ya kuchoma mishikaki kwenye vijiti bila kujichoma vidole. Mjomba amechukua koleo na hakubali kumwachia mtu. Shangazi hukata kachumbari mezani, karibu kiasi cha kusikia na kujibu kila linalosemwa. Kuna mikeka miwili ya ukindu kwa watoto na viti kwa wazee. Mazungumzo yaliyokuwa yakigawanyika kati ya jikoni na barazani sasa ni mazungumzo mamoja, na nimesikia habari za ukoo wetu, za safari za jahazi za babu kwenda Pemba na za shamba la minazi lililouzwa, ambazo sikuwahi kuzisikia katika miaka yote niliyokula chakula cha Jumapili katika nyumba hii. Chakula kinapokuwa tayari kwa wakati mmoja, sinia zinatandikwa kwa wakati mmoja, na bismillahi husemwa mara moja kwa wote. Kwa familia yetu, thamani hiyo inazidi shilingi 130,000 mara nyingi.

Hata hivyo, jiko lina kasoro, na ni wajibu wangu kuzitaja. Mpini wa kifuniko ni wa nondo tupu, na unapata joto la kuunguza baada ya robo saa tu. Tuliufunga kwa kamba nene ya katani, ambayo inasaidia ingawa nayo hubabuka taratibu kwenye ncha; mpini wa mbao uliofungwa kwa bolti ungekuwa suluhisho la kudumu, na fundi angeweza kuuweka tangu mwanzo kwa gharama ndogo. Kasoro ya pili ni kukosekana kwa mlango wa majivu. Kila baada ya matumizi hulazimu kuondoa nyavu zote mbili na kuzoa majivu kwa kibati, kazi ambayo si nzito lakini inachosha mtu aliyekwisha kushiba. Jiko pia halina magurudumu, na kulihamisha kunahitaji watu wawili, kwa hiyo mahali pa kuliweka pachaguliwe kwa makini.

Kuhusu mahali, upepo ndio mwamuzi. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini mashariki, na wakati wa kusi hugeuka, kwa hiyo kona iliyofaa Januari inaweza kujaza nyumba moshi ifikapo Julai. Meza na mikeka iwe upande upepo unakotoka, jiko liwe mbali na nguo zilizoanikwa na paa la makuti, na dirisha la jirani likumbukwe kama la kwako. Jirani yetu wa upande wa kushoto ana mtoto mwenye pumu. Tulikubaliana naye mahali pa kuliweka kabla halijawashwa mara ya kwanza, na sahani yake ya samaki haikosekani. Ninasisitiza vilevile kwamba jiko hili ni la nje tu. Mkaa unaoonekana kama umezimika huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua; kwa hiyo hata mvua ikinyesha ghafla lisiingizwe sebuleni wala kwenye banda lililofungwa. Tunazima mkaa kwa kufunga kifuniko na kuziba matundu, na unaobaki hutumika wiki inayofuata.

Kutu ni adui wa kila chuma katika mji huu. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na bati la pipa, ambalo unene wake ni takriban milimita moja, halitavumilia milele. Majivu yaliyoachwa ndani hunyonya unyevu na kula chuma kwa kasi, hivyo kuyatoa ni matunzo muhimu kuliko rangi yoyote. Masika inapoanza mwezi Machi tunaliinua juu ya matofali, tunalipaka mafuta ya kupikia yaliyotumika na kulifunika kwa turubai. Sehemu ya chini imeanza kuonyesha madoa mekundu, lakini hakuna tundu, na nyavu ziko imara. Fundi alituahidi kwamba sakafu ikitoboka atachomelea kipande kipya bila kulazimika kununua jiko lingine. Hiyo ni faida ya kununua kwa mtu unayejua karakana yake. Majiko mepesi ya kukunjwa yanayouzwa madukani hupendeza kwenye picha, lakini lile ambalo ndugu yangu alinunua lilipinda mguu na kutoboka kabla ya mwaka kwisha, na hakukuwa na wa kulitengeneza.

Suala la mkaa haliwezi kuachwa. Jiko likijazwa hula karibu nusu debe kwa alasiri moja, na sote tunajua misitu inayolipa gharama hiyo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo naliunga mkono bila kusita. Nyumbani kwetu wali, mchuzi na chai ya kila siku hupikwa kwa gesi, na pipa huwashwa siku za mkusanyiko pekee. Anayefikiria kulitumia kila siku kwa ajili ya familia ya watu wanne atapoteza fedha na mkaa, na ninamshauri asilinunue.

Kwa wenye ua mdogo lipo umbo jingine ambalo mafundi hao hutengeneza, yaani pipa lililokatwa kwa mzingo, likawa jiko la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 57, ambalo tulitajiwa kwa shilingi 70,000. Linatosha samaki wanne na mahindi machache. Kwa umbo lolote atakalochagua mtu, napendekeza alipe nusu tu ya fedha mwanzoni, aache maagizo yake yakiwa yameandikwa, yaani pipa la chakula, ndani pasipakwe rangi, nondo na si waya, mpini wa mbao, mlango wa majivu, kisha alipe iliyobaki baada ya kulifunga na kulifungua jiko mbele ya fundi na kuhakikisha kwamba nyavu zote mbili zinatoka kwa mkono mmoja.